Kundi la dagaa na samaki lilijaa takataka mpaka wanunuzi wakaanza kutoka. Hivi ndivyo tulivyolirudisha (uzi mrefu)

Mzee wa Vichanja

Wakuu, heshima kwenu.

Nimesoma humu malalamiko mengi kwamba makundi ya biashara yamekufa. Ukifungua unakutana na picha za maua, mikeka ya kubeti, ajira hewa za mgodini na linki ya kujaza ili upate bando la bure. Tangazo la mtu mwenye mali halionekani. Mimi na wenzangu tunasimamia kundi la WhatsApp la dagaa na samaki hapa Mwanza. Wamo wenye mitumbwi wa Igombe na Kayenze, akina mama wanaoanika dagaa visiwani Ukara na Kome, wenye maghala pale Mwaloni Kirumba, madereva wa malori, na wanunuzi wa Dodoma, Dar, Bujumbura mpaka Bukavu. Lilifika mahali wanunuzi wakaanza kutoka kimyakimya. Leo linafanya kazi, na naandika kwa sababu najua humu kuna admini wengi waliochoka.

Msimamo wangu nautoa mapema: tapeli siye anayeua kundi. Kundi linauawa na ujumbe usiomgharimu kitu aliyeutuma.

Tapeli ukimwona unamtoa, na watu wanakushukuru. Kazi ngumu ni yule mwenzetu, mtu mwema kabisa, anayeandika kila alfajiri "Dagaa wapo, karibuni inbox". Dagaa wa wapi? Wa kichanja, waliokaushwa juu ya jukwaa la miti, au wa mchangani? Gunia la kilo ngapi? Bei? Hakuna. Hajamtukana mtu, hajamwibia mtu, na kwenye harusi ya mwanao alichangia. Utamfukuzaje?

Mnunuzi wa Bukavu akikuta matangazo ya namna hiyo yamefuatana, analizima kundi sauti. Akishalizima, hata tangazo lililokamilika halimfikii. Mama wa Ukara aliyepiga picha vizuri na kueleza kila kitu anaona hakuna anayemjibu, naye anaacha kuandika. Wa kwanza kuondoka ni wale wazuri, maana hao wana pengine pa kuuzia. Wanaobaki ni wanaorusha ujumbe ovyo. Tapeli huja mwishoni, anakuta hakuna aliye macho.

Pale Mwaloni huwezi kujaza eneo kwa magunia ya pumba ukasema unauza dagaa. Kuna kuli wa kumlipa, kuna ushuru, kuna nafasi inayogombaniwa. Mtu akifikisha gunia pale, ujue ameligharamia, kwa hiyo ana nia. Kwenye simu gharama zimegeuka: anayerusha halipi chochote, anayepokea ndiye analipa. Picha moja ya "Jumatano njema" ikiingia kwenye kundi la mamia ya watu, kila ambaye simu yake inapakua picha yenyewe ameilipia kwa bando lake. Basi tukajiuliza tufanye nini ili anayetuma naye agharamike kidogo, si kwa pesa, bali kwa dakika mbili za kufikiri.

Tuliweka mambo manne ambayo kila tangazo lazima liwe nayo: mwalo (mahali mitumbwi inaposhusha samaki) au soko, tarehe ya kuvuliwa au kuanuliwa, kipimo, na bei. Pamoja nayo iwepo picha ya mzigo wenyewe, na kikaratasi kimewekwa juu yake kikiwa na tarehe ya siku hiyo na jina la mwalo.

Kipimo kilituletea ubishi kuliko yote. Watu walizoea kuandika "gunia" tu. Gunia lipi? Kuna lililopimwa na kuna lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, na mnunuzi aliye mbali hawezi kujua. Tulisema andika kilo kama zilivyosoma kwenye mizani. Wengine walinuna, wakasema tunawafunza biashara waliyoifanya tangu kwa baba zao. Lakini wanunuzi walipoanza kujibu yale matangazo ya kilo na kuyaruka mengine, hakuna aliyehitaji kuambiwa tena.

Bei nayo ina sababu ya kufichwa. Muuzaji anaogopa kwamba akiitaja, jirani atashusha shilingi mia na dalali atamzunguka. Hofu hiyo ni ya kweli, siidharau. Kwa hiyo tuliruhusu kutaja bei ya chini na ya juu. Kilichokatazwa ni "bei maelewano" peke yake, maana neno hilo linawalazimisha watu ishirini waulize swali moja, na kila swali ni ujumbe mwingine.

Kile kikaratasi cha tarehe kimefanya kazi kubwa kuliko ukali wetu wote. Kuna picha za dagaa wanaong'aa ambazo zimezunguka ziwa hili lote, kila muuzaji hewa anazitumia. Anayeuza mali ambayo hana hawezi kuweka kikaratasi cha leo juu yake.

Ujumbe uliosambazwa mara nyingi, ule wenye mishale miwili, hauingii. Iwe dua, iwe tiba ya presha, iwe habari ya noti mpya. WhatsApp wenyewe Januari 2019 waliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi matano kwa wakati mmoja duniani kote, na Aprili 2020 ujumbe ambao umeshapita mikono mingi ukabanwa uende sehemu moja tu kwa mara moja. Baada ya hapo walitangaza kwamba usambazaji wa aina hiyo umeshuka kwa asilimia 70. Hawakumkataza mtu. Walimwongezea kazi ya kubonyeza, wengi wakaacha.

Kuna jambo ambalo watu wa mbali na ziwa huenda hawalijui. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikua, taa haziwavuti tena, mitumbwi inapumzika. Siku hizo ndizo kundi linachafuka kuliko wakati wote. Wavuvi wako kambini, simu zina chaji, hakuna cha kuuza. Tulipoliona hilo tukapanga zamu za admini kwa kufuata mwezi. Wakati wa giza mtu mmoja anatosha, maana watu wana biashara. Wakati wa mbalamwezi tunakuwa wengi zaidi, na tunaanzisha mazungumzo yenye faida: ukarabati wa mitumbwi, taa za sola zinazodumu, namna ya kujenga kichanja kisichooza mapema. Mtu mwenye la kusema harushi video.

Na haya mambo si mchezo. Siku ambayo TMA, watu wa hali ya hewa, wametoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi ziwani, mtu wa kisiwa cha Goziba anatakiwa aione kabla hajasukuma mtumbwi. Ikifunikwa na vichekesho na mikeka, kundi limemdhuru. Kwa hiyo tahadhari tunaibandika juu kabisa, na tunaichukua kutoka kwa TMA wenyewe, si kutoka kwa mtu aliyetumiwa na shemeji yake.

Naomba kuwasilisha. Maswali na upinzani karibuni, hasa upinzani.

Binti Kayenze

Shikamoo Mzee. Nimekuelewa, ila nina dukuduku. Mama yangu anaanika dagaa, hajui kuandika vizuri. Anachoweza ni kurekodi sauti. Ukimwambia aandike mambo manne na kikaratasi juu, umemfungia mlango. Halafu yule dalali wa mjini, mwenye simu kubwa na maneno mengi, ndiye ataonekana ana tangazo safi. Sheria hizi zisije zikawaondoa akina mama na kuwaacha madalali.

Mzee wa Vichanja

Marahaba mwanangu. Umeuliza jambo lililotusumbua sana.

Sauti inaruhusiwa. Mama anasema yale manne kwa mdomo: niko Kayenze, nimeanua jana, gunia ni kilo kadhaa, bei ni kadhaa. Hapo amemaliza, isizidi dakika moja. Admini wa zamu au kijana yeyote aliyejitolea anaandika chini yake kwa kifupi, kwa sababu mnunuzi aliye ndani ya basi hawezi kusikiliza sauti zote. Kikaratasi kinaandikwa na mtoto yeyote wa shule. Tumeona pia kwamba wauzaji wa sauti wanaaminika zaidi, kwa kuwa mnunuzi anasikia kuku na mawimbi nyuma yake, anajua huyu yupo mwaloni kweli.

Kuhusu dalali, udalali si dhambi. Tunamtaka aseme tu kwamba mali si yake. Akisema, tangazo lake linakaa.

Kaka Pasiansi

Mimi napinga na nitapinga. Kundi lisilo na salamu ni ofisi ya serikali. Sisi huku tunaamkiana. Mtu akiandika "mmeamkaje ndugu zangu" unamfutia? Mtu akifiwa? Nilikuwa kwenye kundi moja la wafanyabiashara, admini alifuta pole za msiba kwa sababu "si mada". Yule mfiwa alitoka na hajarudi mpaka leo, na alikuwa mnunuzi mkubwa. Mnaweza kusafisha mpaka mkasafisha utu.

Mama Nansio

Kaka Pasiansi umesema neno la moyoni mwangu.

Mzee wa Vichanja

Kaka, na mimi naungana nawe zaidi ya unavyodhani. Admini aliyefuta pole amekosea, na kundi lake lilistahili kumpoteza mtu yule.

Tulichofanya ni kutenganisha vyumba. Tangu 2022 WhatsApp ina jumuiya, yaani makundi kadhaa chini ya paa moja. Tuna Soko, humo ni yale mambo manne tu. Tuna Baraza, humo watu wanaamkiana, wanabishana Simba na Yanga, wanatumiana picha za wajukuu, na sisi hatugusi ila matusi, utapeli na siasa za kuchonganisha. Ajabu ni kwamba zile salamu zilizokuwa kero Sokoni, Barazani zinasomwa na kujibiwa. Watu hawakuzichukia salamu. Walichukia kuzikuta pale walipokuja kutafuta mzigo.

Msiba unatangazwa kote kuwili, mara moja, na admini, pamoja na jina la mwalo na utaratibu wa rambirambi. Pole zinaendelea Barazani. Ila picha za marehemu haziingii kabisa, ajali iwe ya wapi. Wamo kundini watu wa Ukara na Ukerewe waliopoteza ndugu kwenye MV Nyerere Septemba 20, 2018. Hakuna sababu yoyote ya kibiashara au ya udadisi inayoruhusu kumwamshia mtu yale kwa picha.

Kijana wa Malimbe

Mzee shikamoo. Nasoma mambo ya kompyuta, naomba niongeze kitu kwenye hoja yako ya gharama, maana ina historia ndefu.

Mei 1978 mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, Gary Thuerk, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Wengi walikasirika. Yeye alisema mashine ziliuzika. Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, mke na mume, Laurence Canter na Martha Siegel, wakabandika tangazo lao la bahati nasibu ya kibali cha kuishi Marekani kwenye maelfu ya makundi ya Usenet, mtandao wa zamani wa mijadala. Watu walilaani, wao wakasema wamepata wateja. Hapo ndipo ugonjwa ulipo: hata mmoja kati ya maelfu akijibu, mtumaji amefaidika, kwa kuwa hakutoa kitu.

Mwaka 1992, kabla ya hao mawakili, wanasayansi wawili, Cynthia Dwork na Moni Naor, walishapendekeza dawa inayofanana na yako. Kompyuta ya mtumaji ilazimishwe kufanya hesabu ngumu kidogo kabla barua haijapokelewa. Anayetuma barua moja hatasikia kitu, anayetuma milioni atakwama. Mwaka 1997 Adam Back akatengeneza Hashcash kwa wazo hilohilo, na baadaye njia ya namna hiyo ikatumika kwenye sarafu ya kidijitali ya Bitcoin. Mwaka 2004 Bill Gates alisema kule Davos kwamba ndani ya miaka miwili tatizo la spamu, yaani ujumbe wa takataka usioombwa, litakuwa limekwisha. Halijakwisha.

Kwenye barua pepe dawa ya hesabu haikushika, na sababu mojawapo inawahusu hata nyie: watumaji wakubwa hutumia kompyuta za watu wengine walizoziteka. Gharama inamwangukia aliyetekwa. Mzee, mna kinga gani mtapeli akija kwa namba ya mwanachama wenu halali?

Mama Nansio

Hilo limetokea kwa jirani yangu, nieleze ili wengine wapone. Alipigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa admini wa kundi la kikoba. Akamwambia utapokea ujumbe wenye tarakimu sita, nisomee nikuunganishe. Akasoma. Palepale WhatsApp yake ikamtoka, ikahamia kwa yule mtu. Nusu saa baadaye namba yake inaandika kwenye makundi yote: nimepata dharura hospitali, nitumieni chochote kwa namba hii, nitarudisha jioni. Watu walituma, kwa sababu wanamjua ni mwaminifu. Yeye mwenyewe alikuwa analia nyumbani hana hata namna ya kuwaambia.

Mzee wa Vichanja

Wabeja sana mama, pole kwa jirani. Kijana, hongera, swali lako ndilo lenyewe.

Kwanza, hakuna kuomba pesa kundini, hata kama mwombaji ni mimi. Mchango wowote unatangazwa na admini wawili, na wote wawili wawe wamezungumza na mhusika kwa simu ya kawaida, ya sauti, si kwa maandishi. Kwa hiyo ujumbe wa dharura ukionekana, admini hapati kazi ya kupima kama ni kweli. Anaufuta, anaitoa namba ile papo hapo, kisha anampigia mwenyewe kwa laini ya kawaida. Tunaandika kundini "namba ya ndugu yetu imetekwa", hatuandiki "amefukuzwa". Mtu aliyetekwa ameshaumia, asiongezewe aibu.

Pili, kila mbalamwezi, watu wakiwa wametulia, tunawakumbusha kuweka ile PIN ya uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio ya WhatsApp, na kwamba zile tarakimu sita hasomewi mtu, awe admini, awe wa mtandao wa simu. Namba za "ile pesa tuma kwenye namba hii" zinaripotiwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kutuma kwenda 15040. Na piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, unaweza kukuta namba usiyoijua inatembea kwa jina lako.

Tatu, mlango. Linki ya kundi haibandikwi hovyo. Anayeomba kuingia anasubiri kuidhinishwa, na anaulizwa swali moja: upo mwalo gani au soko gani, na nani wa hapo anakufahamu? Roboti halijibu. Tapeli anajibu "Mwanza". Mwanza ipi?

Nisisahau upatu. Hauji ukiitwa upatu, unakuja kama "fursa". Mara ni kuangalia video ulipwe, mara ni dola za kidijitali, mara ni kilimo cha pamoja. Wenye umri wangu wanakumbuka DECI, watu walivyoambiwa wapande mbegu wavune, mpaka serikali ilipoisimamisha 2009. Kipimo chetu ni kwamba kama faida inategemea uingize watu wengine, halikai hata dakika tano, na aliyeleta anatolewa. Hapo hatuonyi, maana kila dakika lile tangazo likiwepo linasomwa na mtu aliyetoka kuuza mzigo na ana hela mkononi.

Dereva wa Usagara

Swali fupi. Matangazo ya nyavu haramu za timba na sangara wadogo mnafanyaje? Kuna kundi nilimo yanapita mchana kweupe.

Mzee wa Vichanja

Tunayafuta bila onyo. Timba, makokoro, sangara wa chini ya sentimita 50, yote hayo. Mtu anayeuza timba anauza samaki wa mwakani wa mwenzake.

Mwalimu wa Buswelu

Nauliza kuhusu aina mpya. Siku hizi kwenye makundi ya wafugaji wa samaki wa vizimba tunapata majibu marefu mazuri yaliyotungwa na akili mnemba. Mtu anauliza kwa nini sato wake wanakufa asubuhi, anapata aya saba zenye vichwa vya habari, Kiswahili safi, na ushauri wa dawa ambazo hazipatikani Mwanza. Aliyejibu hajawahi kushika sato. Hilo ni takataka au ni msaada?

Kijana wa Malimbe

Mwalimu, Stack Overflow, mahali ambapo watengeneza programu huulizana maswali, walikutana na hilo Desemba 2022, siku chache baada ya ChatGPT kutoka. Waliyapiga marufuku. Walisema majibu yanaonekana mazuri, ni rahisi mno kuyatengeneza, na mengi ni makosa. Watu wachache wenye ujuzi wakazidiwa na kazi ya kuyahakiki.

Mzee wa Vichanja

Nalijibu kwa kipimo kilekile cha gharama. Anayebandika ametumia sekunde kumi. Anayefuga, akifuata ushauri ule, anahatarisha kizimba kizima. Na mtaalamu wa kweli aliyemo kundini inabidi aache kazi zake asome aya saba atafute kosa liko wapi. Akifanya hivyo mara kadhaa anachoka, anakaa kimya, na hapo tumepoteza mtu ambaye hatuwezi kumnunua.

Hatukatazi mtu kuuliza mashine. Tunamtaka anayejibu aseme amelifanya wapi na lini: "Mimi kizimba changu kiko sehemu fulani, walikufa alfajiri, nikapunguza idadi ya samaki kwa kizimba, vifo vikapungua." Jibu la mistari miwili la namna hiyo tunalitunza. La aya saba lisilo na mahali tunalifuta na tunamwandikia pembeni kwa heshima kumweleza sababu. Wengi wao ni vijana wanaotaka kusaidia. Ukimwaibisha umempoteza, ukimwelekeza anakuwa mwandishi mzuri wa zile sauti za akina mama.

Kwa suala la samaki kufa mtu aende kwa ofisa uvuvi wa kata, au TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wako hapahapa Mwanza.

Mchuuzi wa Igoma

Mimi nina neno gumu kidogo, mnisamehe. Sheria zenu nzuri, lakini admini ni wafanyabiashara. Nimetoka kwenye kundi ambalo admini alikuwa anafuta matangazo ya wenzake wenye bei ya chini, anasema "hayajakamilika". Ya kwake yanakaa wiki nzima. Nani anamsimamia msimamizi?

Kaka Pasiansi

Hapo sasa. Naunga mkono hoja.

Mzee wa Vichanja

Usiombe msamaha, hilo ndilo linaloua makundi yaliyopona spamu. Watu wanavumilia uchafu kuliko dhuluma.

Kwetu admini hafuti tangazo la mtu wa bidhaa ileile anayouza yeye. Mwenye dagaa anasimamia sangara na furu, mwenye sangara anasimamia dagaa, na mmoja wetu ni mwalimu mstaafu hauzi chochote. Pili, tangazo pungufu halifutwi hapohapo. Linajibiwa wazi, mbele ya wote: "Ndugu, ongeza kipimo." Likikaa mpaka magharibi bila kurekebishwa linafutwa, na sababu imeshasomwa na kila mtu. Hakuna aliyefutiwa akabaki anajiuliza. Tatu, malalamiko dhidi ya admini yanaletwa Barazani, hayaletwi kwa admini pembeni, na hayafutwi hata yakiwa makali. Kuna siku ni machungu kuyasoma. Yanakaa.

Na admini wanabadilishana. Mtu akishika zamu muda mrefu anaanza kuona kila ujumbe ni uchafu, hata wa mtu mgeni aliyekosea kwa kutojua. Mpeni apumzike. Kazi hii haina mshahara, na mtu aliyechoka anakuwa mkali kwa asiyestahili.

Upande wa sheria, kwa kuwa wengine wameniuliza pembeni: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa akijua ni za uongo kwa nia ya kupotosha. Faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Ndiyo maana uzushi kama "ziwa limefungwa kuanzia kesho" au "wanunuzi wa nje wamezuiwa Mwaloni" hatuuachi hata kama aliyeuleta anadai ameambiwa na mtu wa ndani. Alete tangazo la wizara au la halmashauri, ndipo tuubandike.

Binti Kayenze

Mzee, nimemsomea mama uzi wote. Anauliza kama akiingia anaweza kurekodi kwa Kisukuma.

Mzee wa Vichanja

Anaweza. Aliyepo zamu ataandika kwa Kiswahili chini yake, na kwa wanunuzi wa Bukavu kuna kijana anaandika bei kwa Kifaransa. Mwambie mama asiache kutaja kilo.

Mtu wa Musoma

Wakuu, niko Musoma, tuna kundi la sangara na mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara. Mzee, naomba mfano wa tangazo lililokamilika niunakili kama ulivyo, niwabandikie watu wangu leo usiku.

Mzee wa Vichanja

Chukua huu:

"Mwalo: Igombe. Dagaa wa kichanja, wameanuliwa jana mchana. Magunia manane, kila gunia limepimwa, ni kilo [andika za mizani]. Bei ni kuanzia [bei ya chini] mpaka [bei ya juu]. Mali ni yangu mwenyewe. Napatikana kwa simu ya kawaida mpaka saa mbili usiku."

Kwenu badilisha dagaa uweke sangara, na tarehe iwe ya kuvuliwa, kisha ongeza mstari mmoja wa barafu: wamewekwa barafu saa ngapi. Kwa mabondo dai wataje kama ni mabichi au makavu, na uzito wa mizani, maana huko ndiko kuna hela na ndiko matapeli wanakopenda. Usianze na watu wote kwa pamoja. Chagua wauzaji wachache wanaoheshimika, waombe watumie mfano huu kwa giza moja zima, wengine waone nani anapigiwa simu. Baada ya hapo ndipo utangaze sheria.